Maji Yalibaki, Sufuria Zikaenda

Sura ya Saba

Jangwa la Chalbi lilikuwa juu ya meza ya duka la Abdullah Mohamednur, kati ya mizani ya misumari na debe la rangi, na paka alikuwa amelilalia.

Inspekta Bosibori wa upelelezi, Migori, alimsukuma paka kwa kidole. Jangwa lenyewe lilikuwa mchanga wa Kendu Bay uliomwagwa kwenye trei ya bati. Bonde la Kerio lilikuwa mabonge mawili ya saruji iliyoganda, yamesimamishwa yakitazamana kama mawifi waliogombana. Ziwa Turkana lilikuwa kifuniko cha sufuria chenye maji. Kando yake palikuwa na kiberiti kilichopakwa rangi ya buluu. Hiyo ndiyo ilikuwa Landrova.

"Tangu Krismasi," alisema Mwanamvita, mke wa Abdullah. "Tangu Krismasi nyumba hii haina mazungumzo mengine. Mtu akija kununua bawaba, habanduki. Anashika kiberiti, anaonyesha njia. Watu ambao hawajavuka Kisii wananibishia mimi juu ya visima vya Chalbi!"

Mwanamvita alikuwa mzaliwa wa Pwani, na Kiswahili chake kilinyooka hata pale machozi yalipopinda njia usoni.

"Wazo lilikuwa la nani?"

"La mume wangu. Kwao ni North Horr, ng'ambo ya hilo jangwa. Alimwahidi Shamima kwamba likizo ya Aprili, kabla mvua haijafunga barabara, atampeleka akaone makorongo, akaone jangwa, akamwone na bibi yake ambaye hajawahi kumtia machoni. Mtoto ana miaka tisa, Inspekta. Ndiye huyo mmoja tu."

Kufikia asubuhi hiyo ya Jumanne, Bosibori alikuwa amekusanya haya. Watu watatu waliondoka Alhamisi: Abdullah, binti yake Shamima, na dereva Onyancha, Mkisii wa Homa Bay, rafiki wa Abdullah wa miaka mingi. Ijumaa mchana Abdullah aliswali Eldoret. Imamu alithibitisha kwa simu. Jumamosi saa sita hivi Landrova ilitiwa petroli kwenye barabara ya Lodwar. Mtu wa petroli hakukumbuka sura ya yeyote. Alikumbuka harufu. Kabla Abdullah hajainunua, gari hiyo ilikuwa ikibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, na harufu ile ilikataa katakata kubadilisha mwenyewe. Halafu Jumatatu jioni gari ikapatikana imezama mchangani kaskazini ya Lodwar, milango wazi, ndani hakuna mtu.

Ndege ya kuwatafuta ilikuwa moja tu, ya misheni, uwanjani Homa Bay. Mafuta yake yalitosha safari moja, na baada ya saa nane mawingu ya masika hufunga milima. Kabla ya hapo mtu alipaswa kumwambia rubani aelekee wapi.

"Si wapo huko huko gari ilipo?" Mwanamvita akauliza. "Mnangoja nini? Mtoto anakauka huko, nyinyi mnachezea mchanga!"

"Nangoja fundi wako."

Fundi Gichana aliingia akijifuta grisi kwenye suruali ambayo haikuwa na mahali pa kuongezea. Mwanamvita hakumpa nafasi ya salamu.

"Huyu hapa! Muulize. Yeye ndiye aliyeiunga hiyo gari na waya za ua."

"Yawa, Mama Shamima! Hiyo gari ilitoka kwangu inaimba."

"Gichana," Bosibori alisema, "kwa nini gari ilikufa?"

"Madam, gari haijakufa. Si wanasema imekwama? Gari ikiingia mchanga laini, dereva anapunguza upepo kwa tairi. Onyancha anajua hiyo. Alikuwa anabeba mchanga Kendu Bay kwa lori kabla hata mimi nijue kushika spana."

"Polisi wa Lodwar wanasema tairi zimejaa upepo, ngumu kama jiwe."

Gichana akaacha kujifuta. "Hapana. Onyancha hawezi."

"Labda aliugua. Abdullah akashika usukani."

Gichana alianza kucheka, akauona uso wa Mwanamvita, akakimeza kicheko nusu.

"Madam, huyo mzee nilimfundisha mara moja. Moja tu. Zunguka hapo nyuma uangalie ukuta wa posho mill ya kusaga unga. Ile shimo si dirisha."

"Ni kweli," Mwanamvita akasema chinichini. "Siku hiyo aliapa hatagusa usukani tena, na hajagusa."

Bosibori akachukua kiberiti cha buluu, akakisukuma kutoka ukingo wa trei, akakipitisha katikati ya mabonge ya saruji.

"Walikuwa wanaipanga hivi?"

"Kila jioni," alisema Gichana. "Mimi nilikuwa naleta mandazi nakaa naangalia kama sinema. Abdullah anataka Ijumaa wasukume mpaka Lodwar, mtoto aone ziwa kwanza ndio wazunguke. Onyancha anakataa. Ikifika Ijumaa jioni, anachukua kiberiti, anatia mfukoni. Shamima analia, sisi tunacheka."

"Anatia mfukoni mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi jua izame."

Kiberiti kikasimama.

"Onyancha ni Msabato?"

"Wa kufa na kuzikwa! Watu hapa walikuwa wanawaambia, nyinyi wawili mtafika North Horr mkiwa na mvi. Mmoja anasimamisha gari Ijumaa mchana aswali, mwingine anaisimamisha Ijumaa jioni mpaka kesho yake."

Bosibori alimgeukia Mwanamvita. "Mama Shamima, jifunge kanga. Tunaenda Homa Bay."

"Kwenye ndege?"

"Kwa mke wa Onyancha kwanza."

"Kwa nini kwanza?"

"Kwa sababu Jumamosi saa sita mchana hiyo gari ilikuwa inatembea, na mimi sijui nani alikuwa anaiendesha."

*

Nyanchoka, mke wa Onyancha, alikuwa barazani kwake Homa Bay na cherehani mbele yake. Mguu ulikuwa kwenye pedali lakini hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Alipomwona Mwanamvita akasimama.

"Karibu, dada."

"Usiniite dada," Mwanamvita akasema. "Mumeo amempoteza mtoto wangu."

"Na wako amempoteza mume wangu. Mimi niliomba jangwa lini? Mimi nina jangwa gani huko? Onyancha alikuwa na ziwa hapa, maji mpaka mlangoni!"

"Kaeni chini," Bosibori akawaambia. "Mtagombana wakirudi. Mama Nyanchoka, nijibu moja. Mumeo anaweza kuendesha gari siku ya Sabato?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Inspekta, baba yake mzazi alikufa Jumamosi asubuhi. Onyancha alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka kwao, na lori yake imesimama hapo nje. Uliza mtu yeyote."

"Na kama mtoto ameshikwa na ugonjwa?"

Nyanchoka alifikiri. Hakukurupuka, na Bosibori akalipenda hilo.

"Hapo ataendesha. Ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato unamtoa. Hivyo ndivyo anavyofundisha kanisani. Kwa mtoto ataendesha hata usiku kucha."

"Kwenda wapi?"

"Hospitali."

"Ukiwa Bonde la Kerio, hospitali kubwa iko nyuma, Eldoret. Hakuna mtu anayekimbiza mgonjwa kwenda jangwani." Bosibori akakuna kidevu. "Ijumaa jioni anafanya nini, kabla jua halijazama?"

"Ijumaa ni siku ya maandalio. Anasimama mapema. Chakula cha kesho kinapikwa siku hiyo, kila kitu kinashushwa, kinapangwa. Anatafuta mahali pana maji karibu, maana Sabato habebi mzigo. Halafu jua likigusa chini anaimba, anafunga macho, anaomba." Akatabasamu kidogo, kwa uchungu. "Anaomba sana. Watoto wetu walikuwa wanalala kabla hajafika kwa amina."

"Na ufunguo wa gari?"

"Huo hakai nao. Anasema ufunguo mfukoni ni kazi mfukoni. Hapa nyumbani anautundika kwa msumari, hapo nje ya mlango."

Msumari ulikuwepo, karibu na fremu, mahali ambapo hata mtoto angeufikia.

"Nje? Hauibiwi?"

"Nani aibe Homa Bay? Watu wote wanajua ni gari ya nani."

"Na akiwa safarini?"

"Anautundika kwa mti."

Mwanamvita, ambaye alikuwa amemgeuzia mwenzake mgongo, akageuka polepole.

"Kwa mti," alirudia. "Ya Rabi. Ametundika ufunguo kwa mti, porini, halafu akafumba macho."

*

Mkuu wa polisi aliyesimamia msako, Bwana Bichage, alikuwa amesimama uwanjani chini ya bawa la ndege, ramani imekunjwa kwapani. Alikuwa ameshamaliza kuamua.

"Lodwar," akasema. "Gari iko Lodwar, watu wako Lodwar. Wametoka kwa gari, wametembea, wako ndani ya mchanga mahali fulani. Okari, washa injini."

Rubani Okari, mwembamba kama nguzo ya simu, hakuiwasha. Alimtazama Bosibori aliyekuwa anavuka majani akikimbia, na wanawake wawili nyuma yake.

"Afande, nipe redio dakika tano," Bosibori akasema huku akihema. "Niongee na Lodwar."

"Bosibori, saa sita imekaribia."

"Dakika tano."

Redio ya mawasiliano ilikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja. Ilikoroma, ikapiga miluzi, mwishowe ikatoa sauti ya konstebo aliyekaa na ile Landrova tangu jana.

"Konstebo, niambie vitu vilivyo ndani ya gari. Vyote, usiruke. Ova."

"Kuna spea, madam. Kuna jeki, koleo. Jerikeni mbili za maji. Ova."

"Zina maji?"

"Zimejaa. Moja nimekunywa kidogo, madam, nisamehe, huku ni jua."

"Kunywa tu. Hema liko?"

"Hakuna hema."

"Blanketi?"

"Hakuna."

"Sufuria?"

"Hata sahani hakuna. Ni harufu ya samaki tu."

Bosibori akaweka chini kipaza sauti. Bichage alikuwa amesimama mlangoni.

"Walivibeba," Bichage akasema. "Wametembea na vitu vyao."

"Afande, una mtoto wa miaka tisa. Gari imekwama jangwani. Unashuka. Unabeba nini?"

"Maji."

"Hawa wamebeba hema, blanketi na sufuria, wakaacha maji. Jerikeni mbili, zimejaa."

Bichage akaitoa ramani kwapani.

"Basi wameibiwa," akasema. "Wezi wamechukua."

"Mwizi gani anaacha maji Turkana, anaacha jeki na spea, anaondoka na sufuria ya matoke? Hivyo vitu havikuibwa kwenye gari. Vilishushwa. Ijumaa, kabla jua halijazama, mahali ambapo hawakuhitaji kushusha maji kwa sababu maji yalikuwepo. Wakapiga hema, wakapika. Onyancha akatundika ufunguo, akafumba macho kuomba, na saa hiyo hiyo Abdullah naye anaswali magharibi. Mtu akachukua gari ikiwa tupu, akapita nayo kaskazini, Jumamosi akanunua petroli, na mchanga ulipomshinda, kwa sababu hakujua hata kupunguza upepo wa tairi, akaiacha, labda akadandia lori lililopita. Afande, hawa watu hawajawahi kufika Lodwar."

"Wako wapi?"

Bosibori alimgeukia rubani. "Ukitoka Eldoret baada ya swala ya Ijumaa, ukashuka bondeni, jua linakukuta wapi?"

"Landrova kuukuu? Chini ya Tot," Okari akajibu. "Kuna mto unatoka kwa korongo, ukuta wa mawe huku na huku. Pazuri. Lakini sasa hakuna watu. Tangu wizi wa ng'ombe uzidi walihamia juu mlimani, na mvua imekata barabara nyuma. Mtu akiachwa pale, atakaa."

"Hapo."

"Ukikosea?" Bichage aliuliza.

"Nikikosea, mtoto atakufa Lodwar, na mimi ndiye niliyeipeleka ndege kwingine."

Mwanamvita alimshika Bosibori mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Unabahatisha maisha ya mwanangu kwa sababu ya sufuria?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwa sababu ya dini ya mtu?"

"Ndiyo."

Mwanamvita akamtazama Nyanchoka. "Apa," akasema. "Apa kwamba mumeo ni huyo uliyemsema. Si mtu wa kusema hivi kanisani halafu njiani anafanya vile."

"Sisi hatuapi," Nyanchoka akasema. "Ndiyo yetu ni ndiyo. Na mimi nakwambia ndiyo."

Mwanamvita akaachia mkono wa Bosibori. "Mpeleke bondeni."

Bichage akatema mate pembeni, akampa rubani ishara ya kichwa.

*

Wakakaa kwenye kibanda cha mabati. Joto la ziwa lilikuwa limeingia ndani likakataa kutoka. Mara kwa mara Okari alitaja alipofika: Kisumu, halafu milima, halafu mawingu, halafu kimya kirefu kilichomfanya Bichage aipige redio kofi kana kwamba ilikuwa na makosa. Wale wanawake wawili walikaa kwenye benchi moja. Mwanzoni palikuwa na nafasi ya mtu kati yao. Baadaye haikuwepo.

"Niko juu ya mto," sauti ya Okari ikasema. "Maji ni mengi, mekundu. Sioni... ngoja."

Nyanchoka akashika mkono wa mwenzake.

"Naona hema. Juu ya mwamba, mbali na maji. Naona watu. Wananipungia. Ova."

"Wangapi?" Bosibori akauliza.

"Wawili."

Bosibori alikibana kipaza sauti. "Rudia."

"Wawili. Mmoja mdogo. Ana mtandio wa manjano."

Mwanamvita aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni. Hakulia. Alisema jina la mtoto, akalisema tena na tena, kama anayeonja kitu ambacho hakuamini kama bado ni kitamu. Lakini mkono wa Nyanchoka hakuuachia, akawa amemvuta mwenzake nusu kuinama.

"Na mwingine?" Bosibori akauliza. "Mrefu au mfupi?"

"Madam, kutoka huku juu wote ni wafupi."

"Zunguka tena."

Injini ikanguruma kwenye redio. Bichage akavua kofia.

"Amevua shati, analipunga," Okari akasema. "Sasa ameliacha. Amegeuka upande. Amepiga magoti. Ameweka paji la uso chini, kwenye jiwe. Bado yuko chini. Ova."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mwanamvita aliinua uso, na furaha iliyokuwa imeanza kuingia ikasimama mlangoni alipomwona mwenzake.

"Wangu hupiga magoti," Nyanchoka akasema taratibu. "Lakini paji lake haligusi chini."

"Labda amelala ndani ya hema," Bichage akasema.

"Ndege inapita juu yake, afande. Angetoka." Nyanchoka alitazama mbele, kwenye mabati. "Alingoja Sabato iishe. Jua lilipozama Jumamosi akaondoka. Namjua. Gari ni ya rafiki yake, na yeye ndiye aliyetundika ufunguo. Ameifuata kwa miguu."

Bosibori akarudi kwenye redio. "Okari, angalia kaskazini. Kuna alama za tairi?"

"Ziko. Zinaonekana vizuri, udongo ulikuwa na maji. Zinaenda kule kwenye ukame. Lakini sikiliza, madam. Kuna kiwanja cha misheni karibu hapa. Nikitua niwachukue hawa, mafuta yanayobaki ni ya kurudi. Nikifuata hizo tairi, siwezi kutua hapa tena leo. Ni moja. Niambie haraka, mawingu yanakuja. Ova."

Bichage alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. "Mtoto kwanza," akasema. "Hiyo haina mjadala."

Mwanamvita alikuwa ameshainuka kutoka sakafuni. Alikifikia kabla yake, akakishika kwa mikono miwili. Bosibori akamwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Rubani. Mimi ni mama yake Shamima. Mtoto anasimama mwenyewe?"

"Anaruka-ruka, mama. Anapunga huo mtandio. Hata sasa anaruka."

Mwanamvita akafumba macho, akayafumbua.

"Ana maji. Ana hema. Ana baba yake," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko siku zote. "Wangu wanaonekana. Usitue. Mfuate mume wa dada yangu."

Redio ikakoroma kitambo.

"Sawa, mama," Okari akasema. "Naelekea kaskazini."